Anamsainia Mwanawe, Hawezi Kujisainia

Msichana wa miaka 16 anaingia kituo cha afya Kawangware, Nairobi, na mtoto mgongoni. Mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kijitabu chake cha kliniki kinaandikwa. Maswali yote anajibu mama: ameharisha siku ngapi, alipata homa baada ya sindano iliyopita, ananyonya vizuri? Pakihitajika sahihi anatia yeye, na hakuna anayemwuliza umri. Kisha anahamia mlango wa pili, wa kupanga uzazi, kuomba sindano ya miezi mitatu ili asirudi mwakani na mimba nyingine. Hapo ndipo anapoulizwa ana miaka mingapi. Akisema 16 anaambiwa, "Kuja na mamako."

Kwenye mlango wa kwanza ni mzazi. Kwenye mlango wa pili ni mtoto.

Muuguzi hakujitungia sharti hilo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 kinampa kila mtoto haki ya kupata kiwango cha juu cha afya, halafu hapo hapo kinafunga mlango: huduma za afya ya uzazi kwa mtoto zitolewe kwa idhini ya wazi ya mzazi au mlezi. Na mtoto, kisheria, ni kila aliye chini ya miaka 18. Awe amezaa, awe anajilipia kodi ya chumba cha mabati, awe ndiye anayewalisha wadogo zake, bado ni mtoto.

Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba msichana huyo huyo akipata mimba, vikwazo vinaondoka. Atapokelewa kliniki ya wajawazito, atapimwa damu, atapewa vidonge vya kuongeza damu, atajifungulia hospitali, na hakuna atakayemwomba barua ya mzazi. Na ndivyo inavyopaswa. Lakini maana yake ni kwamba tunamnyima mwavuli mpaka alowe chapachapa, kisha tunamkimbilia na taulo.

Sasa tuangalie karatasi nyingine zilizomo kwenye kabati lile lile la muuguzi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inasema mtoto apimwe virusi kwa idhini ya mzazi, lakini inawatoa wanne: aliye mjamzito, aliyeolewa au kuoa, aliye mzazi, na yule ambaye mwenendo wake unamweka katika hatari ya kuambukizwa. Hao wanajiamulia wenyewe. Miongozo ya upimaji ya mwaka 2015 ya Wizara ya Afya ikaenda mbele zaidi: kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kukubali kupimwa bila mzazi. Kwa hiyo mvulana wa miaka 16 anaweza kuingia kituo cha afya Kangemi na kupimwa virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa maisha, kwa neno lake tu. Lakini akisema pia anaungua anapokojoa, mabishano yanaanza. Kisonono ni ugonjwa kama malaria, au ni afya ya uzazi? Muuguzi mmoja atamtibu. Mwenzake wa zamu ya mchana atamwambia arudi na baba.

Ongeza Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Nayo inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kuandikwa popote, ila inaziachia huru huduma ambazo kazi yake pekee ni ushauri nasaha au kumlinda mtoto. Yaani wabunge wetu wenyewe wameshakubali, kwa maandishi, kwamba kuna nyakati ambapo mtoto anahitaji msaada na mzazi hayupo, au mzazi ndiye tatizo. Walikubali kwa faili la mshauri. Kwa sindano ya muuguzi wakakataa.

Na juu ya zote iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na afya ya uzazi imetajwa humo kwa jina. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Hakikusema yatangulie baada ya sahihi.

Ofisi zilizotoa karatasi hizi hazitenganishwi na bahari. Kutoka Afya House, makao ya Wizara ya Afya pale Cathedral Road, hadi Majengo ya Bunge ni mwendo wa mguu, hata kwa mtu mwenye kitambi. City Hall, iliko serikali ya kaunti inayosimamia vituo vya afya vya jiji, iko jirani. Watu hawa wangeweza kukutana kwenye chai ya saa nne na kuzipatanisha karatasi zao kabla ya saa sita. Miaka inapita.

Tunajua jibu tutakalopewa: sharti la mzazi liliwekwa ili kuwalinda watoto. Haya. Anayesema hivyo ashuke Tom Mboya Street jioni, au asimame nje ya kemisti yoyote pale Kawangware, ahesabu vijana wanaonunua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Hakuna anayewauliza umri wala jina. Hakuna anayewauliza kama wameinywa mara tatu mwezi huu, wala kama mtu aliyewapa pesa ya kuinunua ni mwanafunzi mwenzao au ni mwanamume wa miaka arobaini. Wanapewa kwenye kibahasha cha kaki na chenji yao, basi.

Muuguzi, kwa ukali wake wote, angeuliza. Ndiyo kazi aliyosomea. Angeona alama kwenye mkono, angeona msichana anayejibu huku akitazama mlango, angejua wa kumpigia. Sheria iliyokusudiwa kumweka mtoto karibu na mtu mzima imemtoa mbele ya mtu mzima pekee aliyefunzwa kumsikiliza, ikamkabidhi kwa kaunta. Vijana hawakuacha ngono. Kilichopungua ni wanaoonwa na mtaalamu.

Takwimu hazifichi. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini, 15 walikuwa wameshapata mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18. Tumesogea kidogo, na kwa mwendo huu wajukuu wetu nao watakuwa wanaandikiwa tahariri hii hii.

Simama nje ya kituo cha afya cha umma siku ya Jumatatu asubuhi, uone anavyokuja mwenye shida. Sweta ya shule imevuliwa, imekunjwa, imefichwa ndani ya mfuko wa nguo. Ana daftari dogo alilonunua dukani, maana bila daftari huandikiwi. Anajipanga nyuma ya akina mama wa mtaani kwake, akiomba Mungu asiwepo anayemjua mamake. Akifika dirishani anasema kwa sauti ya chini, "Sista, naweza kuongea na wewe kando?" Sista ana watu 40 nyuma yake. "Umekuja na nani?" Hapo pana njia mbili tu. Atadanganya umri, na sista atajifanya hakusikia, wote wawili wakibaki na kosa mikononi. Au atasema kweli na kurudishwa.

Hatumlaumu sista. Tumwelewe. Akitoa huduma bila idhini, mzazi anaweza kumfuata mpaka kwa mwajiri wake au mahakamani, na Wizara iliyomwachia karatasi zinazogongana haitasimama naye kizimbani. Akikataa, hakuna atakayemuuliza kitu. Sote tungefanya kama yeye. Mfanyakazi asiyejua atalindwa na nani huchagua kujilinda mwenyewe.

Tumeshaona gharama ya karatasi inapokosekana. Desemba 2013 Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu aliuondoa mwongozo uliokuwa ukiwaelekeza wahudumu namna ya kushughulikia utoaji mimba usio salama na madhara yake. Mwaka uliofuata msichana wa Kisii, aliyebakwa akiwa na miaka 14, akaumizwa na utoaji mimba wa kichochoroni. Akahamishwa hospitali moja hadi nyingine mpaka Hospitali ya Kenyatta, figo zikiwa zimeharibika. Alifariki mwaka 2018. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu pale Milimani waliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo ule kulikiuka haki, wakaagiza mamake alipwe shilingi milioni tatu. Una maoni gani kuhusu utoaji mimba si hoja hapa. Hoja ni kwamba wahudumu waliachwa gizani na ofisi ya Nairobi, na mtoto akafa.

Turudi kwenye sahihi. Sheria inasema mzazi au mlezi. Ni yupi?

Waulize watu wa Kangemi, Riruta na Waithaka mama wangapi wako Saudia. Mtaa mzima unajua. Ofisi za mawakala wa kazi za Ghuba zimejaa katikati ya jiji, na kila ndege inayoondoka na akina dada hao inaacha watoto nyuma kwa nyanya, kwa shangazi, kwa jirani. Mama anatuma pesa kwa simu, ada inalipwa, chakula kipo. Lakini mama anaamkia kazi Riyadh, na simu yake huenda imeshikwa na mwajiri mpaka usiku. Shosho, yaani nyanya yake, ndiye anayemlea mtoto. Shosho ndiye aliyekesha naye alipougua surua. Sasa msichana ana miaka 15, anavuja damu isiyokatika kila mwezi, shosho anamshika mkono mpaka hospitali, na huko anaulizwa, "Wewe ni mlezi wake kisheria?"

Ukiisoma sheria kwa ukali, si mlezi. Mlezi ni aliyeteuliwa na mzazi kwa wosia au hati, au aliyewekwa na mahakama. Shosho hana hati. Ana kitambulisho, ana fimbo, na ana mjukuu anayeumwa. Vituo vingi, tuseme kweli, vitamkubali kwa busara ya kawaida. Lakini huduma ya mtoto haiwezi kutegemea kwamba leo zamu ni ya mtu mwenye busara.

Wenye pesa wasidhani haya ni ya mabandani tu. Kule Kilimani na Lavington mtoto anapandwa na homa saa tano asubuhi. Baba yuko mkutanoni Upper Hill, mama amekwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way. Anayempeleka hospitali ni dada wa kazi, anayemjua mtoto yule kuliko wazazi wote wawili, anayejua hata dawa ipi humtapisha. Dada anafika mapokezi ya hospitali ya binafsi yenye sakafu inayong'aa na kuambiwa mzazi aje asaini. Tofauti ni kwamba mama wa Lavington atapiga simu, ataongea na daktari aliye rafiki yake, na mambo yatakwenda. Mtoto wa Kawangware hana namba ya kupiga. Sheria ni moja, ila anayebeba uzito wake ni mmoja.

Na wale wa katikati ya jiji? Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na zaidi ya 15,000 walikuwa hapa Nairobi. Miongoni mwao wamo watoto. Kijana wa miaka 14 anayelala kwenye baraza za maduka, mwenye kidonda kilichooza, tukimwambia alete mzazi tunamdhihaki.

Kisha kuna lile ambalo hatupendi kulitamka. Wapo watoto ambao mwenye kutakiwa kutia sahihi ndiye aliyewaumiza. Baba, baba wa kambo, mjomba aliyewapa pa kulala. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamfunga mtu huyo kwa miaka mingi, hata maisha, na serikali imejitwika gharama za matibabu ya aliyeumizwa. Vizuri. Lakini dawa za kuzuia maambukizi ya virusi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Mtoto aliyedhulumiwa usiku wa Ijumaa, akirudishwa Jumamosi kwa kukosa mzazi, Jumatatu usiku muda wake umekwisha. Hakuna mhudumu anayepaswa hata kufikiria sahihi hapo. Ni kumpokea, kumtibu, kuhifadhi ushahidi, kumwita afisa wa watoto. Namba 116 ya Childline, simu ya msaada kwa watoto, haitozi senti.

Sasa tuseme na wazazi, maana na sisi ni wazazi. Hofu yenu si ujinga. Umemlea mtoto, umelala njaa ili asome, halafu mtu mgeni aliyevaa koti jeupe ampe sindano bila wewe kujua? Inauma. Viongozi wa dini wanaposema familia isipitwe, wana hoja, na hatutawacheka. Tunasema pia, ili kusiwe na kisingizio, kwamba hatuzungumzii umri wa kufanya mapenzi. Huo kisheria ni 18 na ubaki 18. Kumtibu mtu si kumpongeza kwa kilichomfikisha hospitali. Madaktari hutibu walevi waliopata ajali kila Jumapili asubuhi, na hakuna anayesema wanahimiza ulevi.

Ila mzazi ajiulize hivi: mtoto ambaye hawezi kukuambia nyumbani, atakuambia kwa kuwa sheria imemlazimisha? Hatakuambia. Atanyamaza, atakwenda kemisti, na utakuja kujua tumbo likitokeza. Mtoto anayezungumza na mamake atakuja naye hospitali hata kusiwe na sheria. Sharti hili basi linamkamata yule tu ambaye nyumbani kwake hakuna wa kuzungumza naye, na huyo ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote.

Kuna mama mmoja Mwingereza, Victoria Gillick, mzazi wa watoto kumi, aliyelipeleka jambo hili mahakamani. Hakutaka daktari yeyote awape wasichana wake walio chini ya miaka 16 ushauri wa kupanga uzazi bila yeye kujua. Mwaka 1985 majaji wa Baraza la Malodi walimkatalia, watatu kwa wawili. Kinachosahaulika ni walichoweka mahali pake. Walisema mtoto anayeelewa kwa kweli anachoambiwa anaweza kukubali mwenyewe, lakini daktari ana wajibu wa kujaribu kumshawishi amwambie mzazi, na atoe huduma pale tu anapoona bila hiyo mtoto ataumia. Mzazi hakufukuzwa chumbani. Alialikwa kupitia kwa mtoto wake.

Hatulazimiki kumwiga Mwingereza. Tuangalie majirani. Tanzania, ambayo hakuna anayeisema imepotoka kimaadili, ilibadili sheria yake mwaka 2019 na kushusha umri wa kujiamulia kupima virusi vya Ukimwi kutoka 18 hadi 15. Uganda wanapima kwa ridhaa ya mtoto mwenyewe kuanzia miaka 12. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya watoto ya mwaka 2005, mtoto wa miaka 12 mwenye kuelewa anakubali matibabu mwenyewe, ila upasuaji mzazi lazima ashirikishwe. Rwanda walibishana miaka kadhaa, bunge lao likakataa mara ya kwanza, na mwaka 2025 likapitisha: miaka 15. Kwao mbingu haikuanguka.

Kwetu tumejaribu mara mbili. Mswada wa seneta Judith Sijeny wa mwaka 2014 na ule wa seneta Susan Kihika wa mwaka 2019 yote iliishia kwenye kelele. Ilibeba mambo mengi mno kwa wakati mmoja, wapinzani wakachukua lile lenye kutisha zaidi na kulipeleka kwenye kila mimbari, na wabunge, ambao huhesabu viti vya kanisani kwa makini kuliko vitanda vya hospitali, wakakimbia. Somo lake ni rahisi: usibebe gunia zima. Leta kifungu kimoja.

Kifungu chenyewe kinajulikana na kila mtu anayefanya kazi hii. Aliye na miaka 15 na zaidi, akielewa anachoambiwa, ajikubalie mwenyewe ushauri, vipimo, tiba ya magonjwa ya zinaa na njia za kupanga uzazi. Kabla ya kumpa, mhudumu amuulize kama mzazi anajua, kama anataka asaidiwe kumwambia, na kama kuna mtu anayemlazimisha au kumdhuru, na majibu yaandikwe. Aliye chini ya miaka 15, mtu mzima anayeishi naye na kumlea atoshe, awe shosho au shangazi, bila kutafutiwa hati ya mahakama. Akikosekana huyo, mwalimu mkuu, chifu, afisa wa watoto au mkuu wa kituo akubali kwa niaba yake, kwa jina lake na kwa maandishi, ili kesho ajulikane nani aliamua. Upasuaji ubaki kwa mzazi, isipokuwa dharura. Na ya dharura haihitaji sheria mpya: Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitoza hospitali inayokataa, huku ikiwa na uwezo, faini ya hadi shilingi milioni tatu.

Hilo la Bunge. Mengine hayamsubiri mbunge yeyote.

Afya House inaweza wiki hii kutoa waraka wa ukurasa mmoja kwa kila kituo, unaosema waziwazi kwamba kisonono na kaswende ni magonjwa na yatibiwe, kwamba ushauri si huduma ya kuombewa idhini, na kwamba idhini ya mzazi kwa simu inakubalika, wauguzi wawili wakisikia na kuandika saa na namba iliyopigwa. Mama aliye Riyadh ana WhatsApp. Tunatuma pesa kwa simu, tunaoana kwa simu, tunazikana kwa simu. Kumsikia mama akisema "ndiyo, mtibuni" hakuwezi kuwa ndiko kulikotushinda.

Shule za bweni, na upande huu wa jiji zipo za kutosha, zitie fomu ya idhini ya matibabu ndani ya karatasi za kujiunga na kidato cha kwanza, pamoja na ile orodha ndefu ya magodoro na ndoo. Mzazi aseme mapema nani aamue akiwa hapatikani. Wewe unayesafiri kwenda Ghuba, kabla hujapanda ndege, mwandikie shosho barua, weka namba ya kitambulisho chake, tia sahihi, mpe nakala mwalimu. Karatasi hiyo haikugharimu zaidi ya kalamu.

Wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 ambao serikali iliwazindua kwa shangwe Uhuru Park mwezi Septemba 2023 wanapita nyumba hadi nyumba na mabegi yao. Wanajua nyumba ipi ina watoto bila mzazi. Wapewe kazi ya kumsindikiza kijana mpaka kituoni. Mtu akija na anayemjua, hata sauti ya dirishani hupungua ukali.

Na mkuu wa kituo asomaye haya: pale mlangoni pako pana ubao mkubwa wa huduma, unaosema kumwona daktari ni bei gani na foleni ni dakika ngapi. Ongeza mstari mmoja kwamba mtoto aliyekuja peke yake ataonwa kwanza, na habari ya mzazi itafuata. Huhitaji Bunge kununua rangi.

Lakini kifungu cha 16 kinahitaji Bunge. Waheshimiwa wa Westlands, Dagoretti Kaskazini, Dagoretti Kusini na Starehe, wapiga kura wenu ndio hawa wanaorudishwa dirishani, na mama zao ndio hawa walio Saudia. Mswada wake hautazidi ukurasa mmoja. Uleteni kabla kikao hiki cha Bunge hakijakwisha, na atakayeupinga asimame atuambie, kwa jina lake, yule msichana mwenye mtoto mgongoni aende wapi.